Watu wa Mwitu na Watu wa Shamba



Kiko kitabu juu ya nchi yetu ambacho kimesomwa sana Ulaya na Marekani, lakini hapa kwetu ni wachache waliokishika mkononi. Kwa Kiingereza chaitwa The Forest People, maana yake Watu wa Mwitu. Mwandishi wake ni Colin Turnbull, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1924 na kufa mwaka 1994. Kitabu kilitoka mwaka 1961, nacho kimefasiriwa kwa Kifaransa pia. Chasimulia maisha ya Wambuti wa mwitu wa Ituri, upande wa Epulu, ambako Turnbull alifika mara kadhaa na kukaa zaidi katika miaka ya 1957 na 1958.

Mtu aweza kuuliza: Kwa nini kukisema leo kitabu cha zamani namna hii? Sababu ni moja. Tangu Papa Fransisko alipotoa barua yake Laudato si' mwaka 2015, katika parokia nyingi watu wanazungumza juu ya kutunza viumbe vya Mungu: miti, maji, udongo na wanyama. Jambo hilo ni jema. Lakini mazungumzo hayo yanapogusa watu wanaokaa katika misitu, mara nyingi hutumika sura ile ile aliyoichora Turnbull: mtoto wa mwitu asiye na hatia, aishiye kwa amani na miti mpaka mtu wa shamba na mtu wa mji waje kumharibia. Sura hiyo ina ukweli mwingi, tena ukweli mzuri. Lakini ina kosa ndani yake, na kosa hilo limewagharimu watu halisi ardhi yao. Kwa hiyo yafaa tukipime kitabu hiki kwa haki, tukisifu penye sifa na kukikosoa panapostahili.

1. Kitabu chasema nini

Turnbull aliwapenda Wambuti, na upendo huo waonekana katika kila ukurasa. Wako wataalamu waliokuja Ituri kuwapima watu urefu na vichwa, kisha wakaenda zao. Yeye alilala katika vibanda vya majani, akafuata nyavu za wawindaji, akala walichokula. Kwa hiyo aweza kutueleza mambo ambayo mgeni wa siku mbili hawezi kuyaona.

Neno kubwa analotueleza ni hili: kwa Wambuti, mwitu si ghala la nyama na kuni. Mwitu ni baba, tena ni mama, nao ni watoto wake. Huwapa chakula, nyumba, moto na mavazi, kama mzazi anavyowapa wanawe. Windo likikosa siku nyingi, au mtu mwenye heshima akifa, asema Turnbull, hawaanzi kumtafuta mchawi. Husema kwamba mwitu umelala, ndiyo maana hauwaangalii watoto wake. Basi huuamsha kwa nyimbo, ili ukiamka uamke na furaha.

Nyimbo hizo ni za molimo. Molimo ni jina la sherehe, na pia ni jina la baragumu refu linalolia gizani na kuwajibu waimbaji. Katika kitabu, molimo mkubwa wafanyika baada ya kifo cha bibi mzee aliyependwa na wote. Kila siku vijana hupita vibandani na kapu, na kila nyumba hutoa kitu cha kula na ukuni kwa ajili ya moto wa molimo. Hakuna anayesema kwamba yeye hahusiki. Usiku wanaume huimba mpaka karibu na kucha, wala hawaruhusiwi kusinzia.

Iko pia hadithi ya Cephu, ambayo kwa maoni yetu ndiyo hadithi bora katika kitabu chote. Wambuti wa kambi ile huwinda pamoja kwa nyavu. Kila mwenye nyumba hufunga wavu wake karibu na wa jirani, zikawa kama nusu duara moja kubwa, na wanawake na watoto hufukuza wanyama kuelekea huko. Siku moja Cephu alihamisha wavu wake kwa siri, akauweka mbele ya nyavu za wenzake, ili wanyama wa kwanza waanguke kwake. Akaonekana. Jioni kambini hakuna kijana aliyemwinukia apate kukaa. Alipojitetea kwamba yeye naye ni mkubwa wa watu wake, wakamjibu kwamba kama ni hivyo aende akawinde peke yake. Cephu alijua kwamba watu wachache hawawezi windo la nyavu, wangekufa njaa. Akakiri kosa, na nyama yake ikachukuliwa na kugawanywa. Lakini usiku ule ule jamaa mmoja alimpelekea chakula, na baadaye Cephu akaonekana amekaa na wenzake akiimba molimo.

Hakuna polisi katika hadithi hii, wala hakimu, wala gereza. Ipo aibu, upo msamaha, na iko sheria moja ambayo kila mtu aijua: mwitu ni wa wote, kwa hiyo aliyeuibia mwitu amewaibia wenzake. Twamwomba msomaji aikumbuke, maana tutaitumia kukipimia kitabu chenyewe.

2. Bomba la chuma

Mahali pengine Turnbull asimulia jambo lililomwudhi. Alikuwa amesikia habari za molimo kwa muda mrefu, na alitazamia kuona chombo cha kale, labda mwanzi uliochongwa kwa ustadi. Walipomchukua mwishowe kwenda kukitoa mafichoni, akaona bomba la chuma, la aina ile wanayotumia wajenzi wa barabara kupitisha maji. Vijana walilibeba kwa heshima, na kila walipofika kwenye kijito walilinywesha maji. Mwandishi alisikitika. Aliwauliza kwa nini molimo mtakatifu ufanywe kwa bomba. Nao wakastaajabia swali lake. Sauti ilikuwa nzuri, na chuma hakiozi kama mti. Basi shida iko wapi?

Twamshukuru Turnbull kwa kuwa mkweli, maana angeweza kuificha habari hii. Lakini twaona kwamba hakuifuata mpaka mwisho. Wambuti walimfundisha siku ile kwamba kifungo cha mtu na nchi yake hakikai katika ukale wa vyombo. Hukaa katika kazi inayofanywa navyo: nani anaimbiwa, nani anatoa kuni, nani anakesha. Mtu aweza kuvaa suruali, akawa na simu mfukoni, akajua kusoma, na bado akawa mtoto wa mwitu kweli kweli. Na mtu aweza kuvaa gome la mti, akauza mwitu wake kwa chupa tatu za pombe.

Wazungu waliotafuta watu wa kale kabisa hapa Ituri walikuwa wengi, wala si nje ya Kanisa tu. Padri Paul Schebesta wa Shirika la Neno la Mungu alifika kwa Wambuti tangu mwaka 1929, miaka mingi kabla ya Turnbull, akaandika vitabu vikubwa kwa Kijerumani. Alikuwa mwanafunzi wa Padri Wilhelm Schmidt, ambaye alitumaini kuona kwa watu wa namna hii imani ya kwanza kabisa ya wanadamu katika Mungu mmoja. Kazi ya Schebesta ina thamani mpaka leo. Hata hivyo, Schmidt alitaka Wambuti wamwonyeshe Adamu, na Turnbull alitaka wamwonyeshe mwanadamu asiyeharibiwa na mji. Wote wawili walifika kwa watu hao wakiwa na hitaji lao wenyewe. Na anayekutazama kwa hitaji lake, ukibadilika atasema umeharibika.

3. Kosa la kwanza: watu wa vijijini

Sasa tuje kwenye kosa. Ili Wambuti wang'ae, Turnbull aliwatia giza majirani zao. Wabira na wakulima wengine, katika kitabu chake, ni watu wanaouogopa mwitu. Kwao mwitu umejaa pepo na hatari. Huukata, huuchoma, hawaupendi. Wambuti wafikapo kijijini huwachezea kama watu wachezavyo na wajinga: hupokea ndizi zao, hufuata desturi zao kwa nje, kisha hurudi mwituni na kuwacheka.

Kuna kweli ndani ya maneno haya, wala tusiifiche. Wakulima wengi wamewadharau Wambuti. Wamewaita watu wao, kana kwamba mtu ni mali. Wamewalipa ndizi chache kwa kazi ya siku nzima. Hata kanisani, ziko parokia ambamo Wambuti hukaa nyuma kabisa, na hakuna anayeuliza kwa nini. Hayo ni dhambi, na Turnbull alifanya vema kuwasikiliza waliodharauliwa.

Lakini je, mkulima hana kifungo na nchi yake? Tazama kwanza habari ya barabara. Vijiji ambavyo Turnbull aliviona vimepangwa kando ya barabara havikuota pale kama uyoga. Serikali ya kikoloni ya Wabelgiji iliwatoa watu katika vijiji vyao vya ndani na kuwapanga barabarani, wapate kuhesabiwa, kutozwa kodi, kulimishwa pamba na kutengeneza barabara hiyo hiyo. Watu hao waliacha nyuma makaburi ya baba zao, michikichi waliyoipanda, na vijito walivyovipa majina. Mtu aliyelazimishwa kukaa kwenye vumbi la barabara, ukimwona amegeuzia mwitu mgongo, usifanye haraka kusema kwamba ndiyo tabia yake tangu kuzaliwa. Turnbull aliiona barabara, lakini hakuiuliza vya kutosha.

Wataalamu waliokuja baadaye wameyaona mengine. Roy Richard Grinker, ambaye pia aliandika maisha ya Turnbull, alikaa na Walese na Waefe katika Ituri hiyo hiyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1994 aeleza kwamba Walese, ambao ni wakulima, na Waefe, ambao ni wawindaji, hawaishi kama makundi mawili yanayodanganyana. Mlese humhesabu Mwefe wake kuwa ndani ya nyumba yake. Undugu huo hauna usawa, una mkubwa na mdogo, una matusi ndani yake. Lakini ni undugu, na hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana.

Habari ya chakula pia si nyepesi. John na Terese Hart, waliofanya kazi Ituri miaka mingi, waliandika mwaka 1986 kwamba iko miezi ambayo matunda na mbegu zenye kushibisha hupungua sana ndani ya mwitu mzito. Mwaka 1989 Robert Bailey na wenzake waliuliza kama wako watu popote waliowahi kuishi katika mwitu wa mvua bila kupata kitu chochote kutoka kwa wakulima. Wengine wamewapinga, na hoja yao haikuishia hapo. Lakini jambo moja ni wazi: kwa vizazi vingi nyama na asali zimetoka mwituni kwenda kijijini, na ndizi, mihogo, chumvi na chuma zimetoka kijijini kwenda mwituni. Wambuti hata husema lugha za majirani zao wakulima. Na mahame, yaani mahali palipokuwa kijiji zamani, humea miti ya namna nyingine, na michikichi iliyobaki huwafaa wote, mwindaji na mkulima. Mwitu wa Ituri ambao Turnbull aliuona kuwa haujaguswa, kumbe una alama za mikono ya watu wengi.

Kwa hiyo mkulima naye ana maneno ya kusema juu ya ardhi. Anajua udongo upi umechoka na upi umepumzika. Anajua shamba liachwe miaka mingapi kabla ya kulirudia. Anajua mti upi haukatwi kwa sababu babu amezikwa chini yake. Elimu hiyo haikuimbwa kama molimo, kwa hiyo mgeni hakuisikia.

4. Kosa la pili: watu wa milima

Msomaji aweza kudhani kwamba twamwonea Turnbull kwa jambo dogo. Basi atazame kitabu chake kingine, The Mountain People, kilichotoka mwaka 1972. Hapo hayuko tena Kongo. Yuko kaskazini-mashariki ya Uganda, kwa watu wachache waitwao Ik, alikokaa kati ya mwaka 1965 na 1967. Turnbull aeleza kwamba watu hao walikuwa wawindaji, na kwamba walizuiwa kuwinda katika bonde la Kidepo, lililofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1962. Wakabaki milimani, ukame ukaja, njaa ikaingia.

Aliyoyaona yalimtia uchungu: wazee wakiachwa wafe, watoto wakitupwa wajitafutie. Lakini hapo ndipo kosa la kitabu cha kwanza lilipozaa tunda lake. Wambuti waliokuwa na mwitu wao aliwasifu kama malaika. Watu wa Ik waliokuwa na njaa aliwahukumu kama watu wasio na utu tena. Mwisho akaishauri serikali ya Uganda iwakusanye na kuwatawanya katika vikundi vidogo vidogo, mbali na milima yao, ili kabila lao life kama kabila. Fikiri neno hilo, ndugu msomaji. Mtu aliyetufundisha kwamba nchi ni mama, ndiye aliyeshauri watoto wang'olewe kwa mama na kugawanywa.

Bernd Heine, Mjerumani mjuzi wa lugha za Afrika, alifika kwa watu hao mwaka 1983. Mwaka 1985 alitoa maandishi ya kumjibu Turnbull. Alionyesha kwamba Turnbull hakuijua vema lugha yao, kwamba baadhi ya waliompa habari hawakuwa wa kabila hilo, na kwamba watu wa Ik walikuwa wakulima tangu zamani, si wawindaji walionyang'anywa windo lao jana tu. Heine aliwakuta wakilima, wakicheka, wakilea watoto. Njaa ilikuwa imepita, na watu walikuwa watu.

Hatusemi haya ili kumtukana marehemu. Twasema ili tuone jinsi kosa linavyofanya kazi. Ukimpenda mtu kwa sababu tu ni mtoto safi wa mwitu, siku atakapoonekana si safi, upendo wako utakwisha, na pamoja nao ile haki uliyomtambulia.

5. Kosa hilo lafanya nini kwetu leo

Tutoke sasa katika vitabu, tutazame Kivu ya Kusini. Hifadhi ya Kahuzi-Biega ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1970, ikiwa na kilometa za mraba karibu 600. Mwaka 1975 ikapanuliwa mpaka karibu 6,000. Katika miaka hiyo ya 1970 Batwa waliokuwa wakiishi katika mwitu wa juu walitolewa. Hawakupewa ardhi nyingine ya kutosha. Wengi wakawa maskini pembezoni mwa mashamba ya watu. Na kupanuliwa kwa hifadhi kuligusa pia vijiji vya wakulima wa upande wa bonde. Mpaka mmoja uliwajeruhi mwindaji na mkulima pamoja.

Batwa walipeleka malalamiko yao mbali. Mwaka 2024 uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu ulitangazwa, nao ulisema kwamba Serikali ya Kongo ilivunja haki zao kwa kuwaondoa katika nchi ya mababu zao. Lakini kabla ya hapo, mwaka 2018, baadhi yao walikwisha rudi wenyewe ndani ya hifadhi. Mapigano yakatokea. Miti mingi ikakatwa, makaa yakachomwa na kuuzwa, na katika biashara hiyo walikuwamo wafanya biashara na watu wenye silaha wasio Batwa.

Basi wako waliosema: Mnaona? Hawa si watunzaji wa mwitu. Hawastahili. Hiyo ndiyo sauti ya The Mountain People. Yule yule aliyesifiwa jana kuwa mtoto wa mwitu, leo amekata miti kwa njaa, na haki yake yote yafutwa. Sisi twauliza: Tangu lini haki ya mtu juu ya nchi ya baba zake ikategemea utakatifu wake? Mkulima akilima vibaya, twamfundisha kulima vizuri. Hatusemi kwamba shamba halikuwa lake. Kukata mwitu wa sokwe na kuuza makaa ni jambo baya, na walio nyuma ya biashara hiyo wana hatia. Lakini kumtoa mtu nchini kwake miaka arobaini na zaidi, kisha kumlaumu kwamba amesahau adabu za nchi hiyo, ni hukumu ya ajabu.

Kwa upande mwingine, tumtazame Ituri mwenyewe. Hifadhi ya Okapi iliundwa mwaka 1992, yenye kilometa za mraba karibu 13,700. Mwaka 1996 ikaandikwa katika urithi wa dunia, na mwaka 1997 ikatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Hapa watu hawakuambiwa waondoke wote. Wambuti, Waefe na wakulima wameishi ndani yake, na kazi ngumu imekuwa kukubaliana nani awinde wapi na nani alime mpaka wapi. Hifadhi hiyo imepata mateso makubwa. Mwezi wa Juni 2012 watu wenye silaha walishambulia kituo cha Epulu, wakaua watu na okapi 14 waliotunzwa pale. Na dhahabu imeleta wachimbaji wengi ndani ya mwitu, pamoja na mashine zao.

Hapa ndipo sura ya Turnbull inapotuacha bila msaada. Yeye alituambia kwamba hatari ya mwitu ni mtu wa shamba. Lakini shoka la mkulima mmoja lakata kiasi cha kulisha nyumba yake. Anayegeuza mto kuwa tope kwa ajili ya dhahabu ambayo haitabaki Ituri, huyo hakai kijijini wala mwituni. Watu wa mwitu na watu wa shamba wakifundishwa kutazamana kwa chuki, huyo wa tatu atapita katikati yao bila kuulizwa.

Sheria nazo zina sehemu yake. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliandika kwamba udongo wote ni mali ya Serikali peke yake. Kwa maneno hayo, mkulima na mwindaji wote wawili walifanywa wageni mbele ya karatasi. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 imekuja kulinda haki za watu wa asili waitwao Wapigme, pamoja na haki zao juu ya ardhi wanayoitumia tangu zamani. Twaifurahia kwa moyo. Lakini itatumiwaje? Ikisomwa kwa macho ya The Forest People, itamtaka Mmbuti athibitishe kwanza kwamba hajabadilika, na itamfanya mkulima jirani kuwa mvamizi. Ikisomwa kwa haki, itamrudishia Mmbuti heshima aliyonyimwa, na kuwaweka majirani wote wawili mezani kwa mazungumzo.

6. Tukisomeje kitabu hiki

Je, tuwaambie vijana wetu waache kumsoma Turnbull? La, hasha. Kitabu chake cha kwanza kina uzuri ambao vitabu vingi vya elimu havina. Mkristu akisoma habari ya kapu la molimo, linalopita nyumba kwa nyumba, hatakosa kufikiri juu ya sadaka ya parokia yake na jinsi inavyotolewa. Na Laudato si' yasema kwa namna yake neno lililo karibu na lile la Wambuti: kwa watu wenye asili yao mahali, ardhi si bidhaa, ni zawadi ya Mungu na ya wazee waliolala ndani yake, nao huitunza vizuri zaidi wanapoachwa wakae juu yake. Angalia maneno hayo ya mwisho. Papa hakuweka sharti kwamba wasibadilike. Alisema wakae.

Twashauri kitabu kisomwe kwa kukigawa sehemu mbili. Kile ambacho Wambuti wenyewe walifanya na kusema mbele ya Turnbull, tukipokee kama mali. Kile ambacho Turnbull aliongeza kwa kutaka kwake watu wasio na doa, tukiweke kando. Hadithi ya Cephu ni ya sehemu ya kwanza. Haisemi kwamba Wambuti ni wema kwa asili, maana Cephu alikuwa Mmbuti naye aliiba. Haisemi kwamba mwenye kosa afukuzwe milele, maana alipelekewa chakula usiku ule ule. Yasema kwamba nchi hulishwa na kutunzwa kwa pamoja, na kwamba swali la kwanza ni hili: Nani ameweka wavu wake mbele ya nyavu za wenzake? Swali hilo laweza kuulizwa kwa mwindaji anayemaliza wanyama ili auze nyama mjini. Laweza kuulizwa kwa mkulima anayemtumikisha jirani bila malipo, kwa mwenye mashine mtoni, na hata kwa hifadhi inayopokea fedha za wageni huku waliofukuzwa humo wakilala njaa nje ya mpaka.

Na liko jambo moja ambalo parokia zaweza kufanya, ambalo Turnbull peke yake asingeweza. Yeye aliandika habari za upande mmoja, kwa lugha ambayo wenyewe hawakuisoma. Katika parokia zetu za Ituri na Kivu wako bado wazee Wambuti, Waefe na Batwa, na wako wazee wakulima, wanaokumbuka majina ya vijito, ya vilima, ya mahame na ya makaburi. Wakikaa pamoja, mbele ya vijana wanaojua kuandika, majina hayo yaweza kuwekwa katika daftari moja. Siku itakapokuja ramani mpya, ya hifadhi au ya dhahabu, daftari hilo litakuwa shahidi kwamba mahali pale palikuwa na watu, tena wa pande zote mbili, waliopajua kwa jina.